Chupa ya shamba moja

Kibosho, Jumapili, Oktoba

Mama alianza kuchemsha ndizi kabla sijaamka. Nilipotoka nje, sufuria kubwa lilikuwa limeshashika moto, na unga wa ulezi aliouotesha na kuukausha ulikuwa umefunikwa kwenye beseni. Jumapili ijayo mtoto wa dada anapata komunyo ya kwanza, na hakuna sherehe nyumbani kwetu bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mikungu ya mwaka huu kwenye kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, ni midogo. Shangazi alishauri tuongeze ndizi kutoka soko la Mbuyuni, kule mjini Moshi, mama akamjibu taratibu: "Wifi, wageni wanakuja kunywa mbege ya kihamba hiki. Ikipungua, imepungua."

Maneno hayo yamenikalia kichwani siku nzima, kwa sababu niliyasikia karibu hivyohivyo Agosti iliyopita, Dodoma, kwa mtu ambaye hajawahi kufika Kilimanjaro.

Nilikwenda Hombolo kumsaidia rafiki kuvuna zabibu za baba yake. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na haya mavuno ya kiangazi ndiyo mzee anayoyategemea, kwa kuwa punje hukomaa bila mvua ya kuzijaza maji. Zabibu nyingi za wakulima wadogo huuzwa na kuchanganywa na za wenzao. Kuchanganya si kosa, ni ufundi wenye heshima yake: zabibu zenye ukali husawazishwa na zenye utamu. Lakini mzee ametenga kipande kimoja cha shamba, na zabibu za kipande hicho hazikutani na nyingine tangu kwenye ndoo ya kuvunia hadi kwenye chupa. Akikosea, hana pa kufichia kosa. Mwaka ukiwa mbaya, chupa itasema.

Sikujua kwamba maji ya zabibu nyekundu hayana rangi. Mzee aliminya punje moja kiganjani mwangu, yakatoka maji meupe kabisa. Rangi yote iko kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, wakati ule mweupe hukamuliwa kwanza. Tulitenganisha punje na vikonyo, tukazipasua, tukajaza tanki. Siku ya pili lilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Hamira hula sukari, hutoa kilevi na hewa ya ukaa, na hewa hiyo huyainua maganda yote juu yakawa tabaka nene unaloweza kuwekea mkono lisizame. Hapo ndipo kazi ilipo. Asubuhi, mchana na jioni unayashindilia maganda yarudi chini kwenye maji, ili yatoe rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi, na ili yasikauke juu yakaanza kugeuka siki. Mikono yangu ilibaki ya zambarau hadi niliporudi Moshi. Joto nalo ni adui: tanki likipata moto kupita kiasi, hamira hufa kabla ya kumaliza sukari. Usiku mzee alikuwa akiamka kulimwagia maji ya baridi kwa nje, na alikuwa akiligusa kwa nyuma ya mkono, kama mama anavyompima mtoto homa.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa tu. Mvinyo huchujwa, maganda hukamuliwa, kisha huja uchachu wa pili ambao hautokani na hamira bali na bakteria: asidi kali kama ya tofaa bichi hugeuzwa kuwa ile laini iliyomo kwenye mtindi. Halafu pipa la mwaloni la lita 225, ambalo hutoa chupa kama 300. Mbao hupumua, mvinyo hupungua kidogokidogo, na kila mara lazima pipa lijazwe tena ili hewa isipate nafasi. Mzee ana mapipa mawili tu ya kipande kile.

Chupa aliyonipa ni ya mavuno ya mwaka juzi. Nimeifungua leo jioni, moto wa ndizi ukiwa umepungua, supu ya ndizi hizo ikiwa imeshaiva wekundu wake. Mama hanywi pombe ya dukani. Hii aliipokea kwa sababu nilimwambia ni divai, na kwake divai ni kitu cha altareni. Nilimmiminia kidogo kwenye kikombe cha chai.

Alinusa kwanza. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipomeza aliuliza kama wanatia msesewe, magome machungu ya mti tunayotia kwenye mbege. Nikamweleza kwamba hapana, ule uchungu unatoka kwenye ganda na mbegu. Akatikisa kichwa, akanywa tena.

"Ni ya shamba moja?"

"Moja tu, mama. Kipande kama kutoka hapa hadi kwenye mfongo wa maji."

"Mwaka huo mvua ya kwao ilikuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za hamira na pipa. Swali hilo sikulifikiria, wala Hombolo sikumuuliza mzee. Nilishinda naye siku sita, nikauliza juu ya kila chombo kilichokuwa ndani ya ghala, na sikuuliza juu ya mvua. Mama alinitazama akisubiri, jinsi anavyomsubiri mtu aliyetoka msibani aseme marehemu aliugua nini.

Nimemwandikia rafiki yangu ujumbe amuulize baba yake. Chupa imebaki nusu, nimeirudishia kizibo. Mama amesema nisiimalize mpaka jibu lije.