Sasisho likikatika katikati: kuchagua kisimamizi cha vifurushi cha Linux

Ukichagua Linux ya kompyuta ya mezani, umechagua kisimamizi cha vifurushi, yaani programu inayosakinisha, kusasisha na kuondoa programu nyingine. Mwonekano wa menyu na rangi utaubadilisha jioni moja. Apt, dnf, pacman au zypper utaishi nayo hadi siku utakapofuta diski. Zote zinasakinisha programu kwa amri moja na zote zinajua kutafuta vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji), kwa hiyo kuzishindanisha kwa kasi hakukupi jibu. Kuna maswali mawili yenye uzito zaidi. Umeme ukikatika sasisho likiwa nusu, utarudije? Na kisimamizi chenyewe kitakula bando kiasi gani?

Tuanze na apt, ya Debian, Ubuntu na Linux Mint. Kazi ya kusakinisha inafanywa na dpkg iliyo chini yake, kwa hatua mbili: inafungua faili na kuziweka mahali pake, kisha inakisanidi kifurushi. Kila hatua inaandikwa kwenye /var/lib/dpkg/status. Kwa sababu hiyo, mashine ikizimika katikati, dpkg inajua ilipoishia. Iwashe, kama skrini ya kuingilia haitokei, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate terminali (skrini ya kuandikia amri), ingia kwa jina na nywila yako, kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Fuata mpangilio huo. Amri ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyofunguliwa bila kusanidiwa, ya pili inaleta vitegemezi vilivyokosekana, mbili za mwisho zinaendeleza sasisho. Amri ya dpkg --audit itakuonyesha kilichobaki nusu. Kifurushi kimoja kikigoma kwa sababu faili zake ziliharibika wakati wa kuzimika, kirudishe kwa sudo apt install --reinstall na jina lake.

Kosa linalowaumiza watu zaidi ni lile la kufuli: «Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend». Mara nyingi ni unattended-upgrades inayosakinisha masasisho ya usalama kimyakimya, na ujumbe wenyewe hutaja namba ya mchakato ulioshika kufuli. Subiri umalize. Mtandaoni utaona ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa rm. Usiufuate, kwa sababu dpkg mbili zikiandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja, rekodi ya vifurushi vyote inaweza kuharibika. Hilo likitokea, nakala ya awali ipo kwenye /var/lib/dpkg/status-old, na nyingine kwenye /var/backups.

Udhaifu wa apt ni kurudi nyuma. Katika Debian 12 na 13 hakuna amri ya kutengua sasisho zima. Ziba pengo hilo kwa Timeshift, inayokuja tayari ndani ya Linux Mint: piga picha ya mfumo (snapshot, nakala ya kurudia) kabla ya kila sasisho kubwa. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, inatumia rsync, zana ya kunakili faili, hivyo picha ya kwanza inachukua karibu nafasi yote ya mfumo, na zinazofuata huongeza faili zilizobadilika tu. Usiiwashe kwa /home. Hati zako zinahitaji hifadhi nakala ya aina nyingine.

Fedora inatumia dnf, ambayo ina daftari la kila muamala. Andika dnf history list, chukua namba, kisha sudo dnf history undo na namba hiyo. Ukisakinisha kitu kikavuta vifurushi 60 usivyovitaka, amri hiyo moja inavitoa vyote. Ila usiitegemee sana kutengua sasisho: ghala la masasisho la Fedora hubaki na toleo la karibuni tu, kwa hiyo toleo la wiki mbili zilizopita linaweza lisipatikane tena. Kwenye /etc/dnf/dnf.conf weka keepcache=True ili faili zilizopakuliwa zibaki kwenye diski. Keneli yenyewe, kiini cha mfumo, ina usalama wake, maana Fedora huweka 3 na unachagua ya zamani kwenye menyu ya kuwashia. Jambo la kupima ni muda: toleo la Fedora hutunzwa kama miezi 13, lakini Ubuntu LTS (toleo la kutunzwa muda mrefu) hupata miaka 5. Kwa mwenye bando dogo, kuhamia toleo jipya kila mwaka ni mzigo.

Pacman ya Arch ni ya haraka kuliko zote na ndiyo isiyokubembeleza. Sheria yake moja haivunjwi: usiandike pacman -Sy na jina la programu. Amri hiyo inasasisha orodha ya vifurushi bila kusasisha mfumo. Programu mpya inakuja imejengwa juu ya maktaba mpya (msimbo unaotumiwa na programu nyingi), huku nusu ya mfumo wako ingali inategemea ile ya zamani. Arch haiungi mkono hali hiyo ya nusu kwa nusu. Ni sudo pacman -Syu, yote kwa pamoja, baada ya kusoma habari kwenye ukurasa wa mbele wa Arch. Mashine iliyokaa miezi bila kusasishwa inaweza kukataa saini za vifurushi. Hapo pekee -Sy inaruhusiwa: anza na sudo pacman -Sy archlinux-keyring, kisha papo hapo sudo pacman -Su.

Kurudi nyuma kwenye Arch ni rahisi ikiwa hujafuta kache, folda ya faili zilizopakuliwa. Matoleo yote uliyopakua yako kwenye /var/cache/pacman/pkg, na pacman -U ikifuatwa na njia ya faili hurudisha la zamani. Folda hiyo hukua bila kikomo. Amri ya paccache -r, kutoka kifurushi cha pacman-contrib, hubakisha matoleo 3 ya kila kifurushi. Umeme ukikatika keneli ikiwa inabadilishwa, mashine inaweza isiwake kabisa, na dawa ni flashi ya kusakinishia Arch: pachika diski yako kwenye /mnt, pamoja na sehemu ya boot, ingia kwa arch-chroot /mnt, ondoa /var/lib/pacman/db.lck, kisha rudia pacman -Syu linux. Hapa kufuta kufuli ni sahihi kwa sababu hakuna mchakato wowote uliolishika. Vifurushi vya AUR, ghala la watumiaji wa Arch, ni suala jingine: huandikwa na yeyote. Julai 2025 viliondolewa kadhaa vilivyobeba programu hasidi vikijifanya matoleo ya vivinjari. Soma PKGBUILD, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, kila mara.

Kwa swali la kurudi, jibu bora kati ya distro (matoleo mbalimbali ya Linux) za kawaida liko openSUSE. Ukibaki na usakinishaji wake wa kawaida wa Btrfs (mfumo wa faili unaoweza kupiga picha), kila zypper inapobadilisha mfumo, zana iitwayo snapper hupiga picha kabla na baada. Sasisho likiharibu skrini, washa upya, chagua picha ya kabla kwenye menyu ya kuwashia ya GRUB, hakikisha mambo yako sawa, kisha sudo snapper rollback na uwashe tena. Hati zako haziguswi kwa kuwa /home iko nje ya picha. Gharama yake ni nafasi: ipe sehemu ya mfumo GB 40 au zaidi. Kwenye Tumbleweed, openSUSE inayosasishwa mfululizo, tumia zypper dup, wala si zypper up, na ujiandae kwa vipakuo vikubwa. Kikusanyaji (compiler) cha lugha C kikibadilishwa, vifurushi vingi hujengwa upya na vyote vinakujia.

Flatpak na Snap, njia za kusakinisha programu zilizofungashwa pamoja na zinachohitaji, hazichukui nafasi ya kisimamizi cha mfumo. Zinakaa juu yake. Flatpak inafaa pale unapotaka toleo jipya la LibreOffice au GIMP juu ya Debian iliyotulia. Programu ya kwanza huja na mazingira yake ya msingi, mamia ya MB, ila zinazofuata hushirikiana nayo, na masasisho huvuta sehemu zilizobadilika tu. Mazingira ya zamani hubaki hadi uyafute: flatpak uninstall --unused. Wenye kadi ya NVIDIA wajue kwamba kila draiva ya mfumo ikibadilika toleo, Flatpak nayo hupakua nakala yake inayolingana. Na programu ikidai haioni diski yako ya nje, haijaharibika, imefungiwa. Ipe ruhusa kwa flatpak override --user --filesystem= ikifuatwa na njia ya diski, kisha jina kamili la programu.

Snap inakuja na Ubuntu, na hata apt install firefox huko huleta Snap. Inakagua masasisho mara 4 kwa siku bila kukuuliza, jambo ambalo kwa bando la simu halikubaliki. Lizuie hivi:

sudo snap set system refresh.metered=hold
nmcli connection modify "JINA LA WIFI" connection.metered yes

Amri ya pili inaitambulisha WiFi hiyo kuwa ya kulipia kwa kipimo, na hata unattended-upgrades huiheshimu. Kumbuka tu kwamba ukikaa wiki nzima kwenye intaneti ya simu, masasisho ya usalama utayaendesha kwa mkono. Sifa nzuri ya Snap ni snap revert: inarudisha toleo lililotangulia mara moja, bila kupakua.

Kwa ofisi au darasa lenye mashine kadhaa na intaneti moja dhaifu, chaguo ni Debian au Mint, na sababu ni kache ya apt. Amri ya apt hufuta faili za .deb baada ya kusakinisha, lakini apt-get huzibakisha. Kwenye mashine moja endesha sudo apt-get update, kisha sudo apt-get dist-upgrade. Nakili faili za .deb kutoka /var/cache/apt/archives hadi kwenye flashi, uzibandike kwenye folda hiyohiyo ya mashine ya pili, halafu huko endesha amri zilezile. Itapakua orodha na vile tu visivyokuwemo. Lazima mashine zote ziwe toleo moja na aina moja ya prosesa. Mint 22 haitafaidika na faili za Mint 21. Ukimaliza, sudo apt-get clean kwenye kila moja, la sivyo sehemu ya mfumo itajaa, na dpkg ikikosa nafasi katikati ya sasisho utarudi kwenye zile amri za kwanza.