Nguo ikifika mbele ya kamera

Kazi yangu ni kuvalisha watu wanaokaa mbele ya kamera hapa Mbeya. Wakisikia hivyo, wengi hudhani nashinda madukani nikichagua magauni. Madukani naenda, lakini saa nyingi huishia kwenye pasi, sindano na pini, macho yakiwa kwenye skrini ya studio. Nguo iliyompendeza mtu kwenye kioo cha nyumbani yaweza kumwangusha kabisa kwenye picha.

Mfano ni shati la mistari myembamba iliyobanana. Mistari ile inagongana na vile vitone vinavyounda picha, basi kwenye luninga shati zima linaanza kuchezacheza, na mtazamaji anaacha kusikiliza. Nyeupe pee ina taabu nyingine, hasa kwetu wenye ngozi nyeusi: kamera ikipunguza mwanga ili weupe usizidi, uso nao unaingia gizani. Mgeni akiniuliza mapema, namwambia aje na rangi ya maziwa, ya udongo au bluu iliyokolea. Na kama nyuma yake kuna pazia la kijani la kuwekea picha, kitenge cha kijani kama hicho hakifai, kwa sababu mandhari itakayowekwa nyuma itatokea tumboni mwake.

Sauti nayo ni mambo ya mavazi. Shanga zikigonga maikrofoni ya kifuani, maneno yote yanaharibika. Gauni jepesi lisilo na mkanda halina pa kubania kile kisanduku cha maikrofoni, kwa hiyo nashona kifuko kwa ndani. Kwenye tamthilia napiga picha kila mwigizaji kabla hajavua, maana maonyesho hayarekodiwi kwa mfuatano na mkono uliokunjwa leo lazima ukunjwe vilevile wiki ijayo.

Ila kuna jambo ninaloligombania kuliko yote. Juni na Julai huku baridi inauma. Mtu anatoka Tukuyu au Isongole alfajiri amejifunga kitenge, juu sweta nzito, halafu studio wanataka avue avalishwe kiblauzi cha joto la Dar es Salaam. Nilikuwepo siku mama mmoja mkulima wa viazi alipoambiwa hivyo. Nikamwambia, “Shikamoo mama. Sweta yako tunabaki nayo, ngoja niinyooshe kola tu.” Akajibu, “Marahaba. Ndaga, mwanangu,” yaani asante kwa Kinyakyusa, akaenda kuketi, akazungumzia mbegu na bei bila kujishikashika nguo. Sura ya nyanda za juu kusini ni makoti na masweta pia, na sioni kwa nini tuifiche tunapoonekana nchi nzima.

Makoti hayo nayapata kwenye mitumba ya Sido na Mwanjelwa. Ukiwahi belo likifunguliwa, unaokota koti la sufu safi, unalipeleka kwa fundi anapunguza mabega, anabadili vifungo, na mtangazaji anakaa nalo kipindi kizima kama alipimwa.

Mabinti wananiuliza waanzie wapi. Nawatuma kwanza kwa fundi cherehani, wakajue kitambaa kinavyokatwa na kinavyoanguka mwilini. Anayejua kutia pindo likakaa sawa aje, hayo ya kamera nitamfundisha mwenyewe.