Kojani, siku ya kuvuka na mapolo

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Leo mwezi umeandama siku ya 15, bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana. Maji yamejaa hivi sasa, lakini ikifika saa 4 pwani nzima itakuwa matope. Dukani kwangu nimebakiwa na nusu polo, yaani nusu gunia, ya mchele.

Saa 11:45. Tumo dauni. Kisiwa chetu cha Kojani, kando ya Pemba, ni nyumba na mawe, pa kulima hapatoshi. Muhogo na mpunga wetu uko ng'ambo, Pemba kubwa, na mchele wa dukani nauchukua mjini Wete. Samaki ndio tunao. Wapo wanaotuambia "limeni", nami huwaangalia tu. Hata kisamvu huku kinapanda dau.

Saa 2. Wete. Nilitaka mapolo matano ya mchele wa mapembe, ya kilo 25. Leo ninakonunua jumla hawakopeshi. Nimepata matatu, sukari na dumu la mafuta.

Saa 4:30. Nimerudi pwani, maji yamekwenda zao. Dau limelala ubavu. Nakaa juu ya mapolo yangu masaa matatu, kusi linanipiga mchanga usoni. Kama kungekuwa na ghala moja tu upande wetu, la kujazwa kabla kusi halijaanza, siku kama hii nisingevuka.

Saa 7:30. Maji yamerudi na mawimbi yake. Polo lililowekwa omo, mbele ya dau, likala maji ya chumvi. Nahodha ananiambia, "Pole dada, lilikosa turubali." Turubali lenyewe amelikalia.

Saa 9. Nalifungua. Juu mchele mkavu, chini punje zimegandana, nikiufinya unabaki na alama za vidole vyangu. Naumwaga mkekani. Shoga yangu wa vitumbua anapita, anaonja punje mbili, anacheka: "Nipe mimi. Si nauroweka hivyo hivyo? Nitauosha chumvi itoke." Tumekubaliana nusu bei.

Magharibi. Zamu ya daftari la mikopo. Waume zetu wengi wako dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi hawaonekani, na hela huja nao. Mpaka hapo majiko yanakula kwenye kurasa zangu. Mtoto kanyoosha bakuli: "Mama kasema kilo mbili, baba akirudi." Ukurasa wao umejaa, nimeandika pembeni.

Sisi tumekula muhogo wa nazi na dagaa. Mchele ni wa kuuza.

Saa 3 usiku. Nasikia kinu nyumba ya pili. Shoga yangu keshaanza kuutwanga.