Kisigino Hakikuacha Shuka

Juma lililopita binti yangu alilikuta gango la goti nyuma ya kabati, lile refu lenye mikanda, akataka kujua ni la nani. Nilipomjibu kuwa ni la bibi yake, akauliza kwa nini bado tunalo ilhali bibi anatembea. Nikaketi kitandani nikiwa nimelishika, nisiweze kumjibu.

Mama alikuwa amebadilishiwa goti la kulia miezi michache kabla, na alikwisha kuanza kwenda sokoni kwa fimbo moja, pale alipoteleza kwenye ngazi za uani wakati wa masika na goti likajikunja chini ya uzito wake. Alisema alisikia kitu kikikatika ndani. Kituo tulichokwenda kwanza kilitwambia ni uvimbe tu, kikampa dawa za maumivu, nasi tukarudi nyumbani. Kwa wiki tatu nilimkanda kwa barafu na kumhimiza afanye mazoezi, na kila goti lilipomwangusha nilimwambia kuwa hofu ndiyo inayomchelewesha kupona.

Huko Dar es Salaam, daktari bingwa wa mifupa hakuanza na picha za eksirei tulizobeba. Alimwamkia Mama, akamlaza, akasema kwa upole, "Mama, nyoosha mguu, kisha uuinue kutoka kitandani." Mama alishika kingo za kitanda. Niliona misuli ya paja ikikaza mpaka ikatetemeka, nikaiona pia ya goti, kile kifupa cha mviringo cha mbele, ikivutwa juu kuelekea kwenye paja, lakini kisigino hakikuacha shuka. Alijaribu tena, jasho likimtoka juu ya mdomo. Daktari akauinua mguu ule yeye mwenyewe, akamwomba aushikilie hapo hapo, kisha akaanza kuondoa kiganja chake taratibu. Mguu ukashuka pamoja na kiganja, kama mzigo usio na mwenyewe. Mama hakumtazama daktari. Alinigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, nilikwambia si hofu."

Daktari alitueleza kwamba kano inayoiunganisha pia ya goti na mfupa wa muundi ilikuwa imekatika, na bila kano hiyo nguvu ya paja haiwezi kuufikia mguu wa chini, hata kama goti la chuma lenyewe ni zima kabisa. Alisema kuwa kwa mtu aliyebadilishiwa goti, kuzishona tu ncha mbili za kano mara nyingi hakudumu, kwa sababu nyama za hapo zimekwisha kupasuliwa na damu haizifikii vizuri, na kisukari cha Mama kilizidi kuidhoofisha kano. Kwa hiyo alitumia wavu wa plastiki wa aina ile inayozibia ngiri, akaukunja mara kadhaa, akaupachika kwenye muundi kwa saruji ya mifupa, akaushona juu kwenye misuli ya paja huku mguu ukiwa umenyooka kabisa. Kisha zikaja wiki 12 za plasta ngumu, na baada yake gango hili, ambalo liliruhusiwa kukunjika kidogo kidogo tu, kwani kukunja goti kwa pupa kungelegeza kila kilichoshonwa.

Leo Mama anapanda ngazi akishika ukuta. Hawezi tena kulinyoosha goti mwenyewe hadi mwisho kabisa, na anapoingia garini huuinua mguu kwa mikono yake miwili. Daktari aliniambia kuwa hata tungefika siku ile ile bado upasuaji ungehitajika, nami nimejaribu kutulia kwa maneno hayo, lakini sijapata kumwomba Mama radhi kwa wiki zile tatu, na yeye hajapata kuzitaja.

Nililipangusa gango vumbi. Binti yangu alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri jibu, nikamwomba anisaidie kulirudisha nyuma ya kabati.