Maboksi ya Kariakoo yalivyolipa kodi ya chumba

Vijana wengi wanaolala kwenye baraza za maduka Kariakoo, Dar es Salaam, wana kazi. Wanabeba mizigo, wanasukuma mikokoteni, wanaokota maboksi na chupa za plastiki. Kinachowaweka nje ni kodi. Buguruni nilikuta chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, na dalali naye ya mwezi mmoja. Hapo ni 350,000 kwa mkupuo. Mtu anayelala barazani hana pa kuficha hata elfu kumi, akisinzia tu zimekwenda.

Nilitaka wapate vyumba, kwa hiyo nilianza kwa kununua mzani. Nikakodi kiwanja kidogo, nikawa nanunua maboksi yao kwa kilo, tunayachambua na kuyafunga, kisha tunawauzia wanaopeleka kiwandani. Mzigo mkubwa bei yake ya kilo ni nzuri zaidi, na nyongeza hiyo ndiyo inayolipa kiwanja na usafiri. Jioni kila mmoja anapokea hela ya kula, na kiasi alichotaja mwenyewe kuwa akiba ya kodi kinaandikwa kwenye daftari akiona, halafu kinaingia kwenye akaunti ya kikundi kwenye simu. Mimi peke yangu siwezi kutoa kitu humo. Bila hilo wasingeniamini, maana wameshadhulumiwa sana na watu wenye maneno matamu.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wenye nyumba. "Mwanangu, hawa wakikimbia na vitu vya wapangaji wangu nitamdai nani?" mama mmoja aliniuliza. Nikamwambia, "Utanidai mimi, mama," tukaandikishana mbele ya mjumbe. Akakubali kodi ya miezi mitatu, vijana wawili chumba kimoja. Alipoona wanalipa kabla ya tarehe, mwenyewe akatuombea chumba kwa jirani yake.

Wasichana siwasubirishi mpaka daftari litimie. Biashara inawakopesha kodi kwanza, wanarudisha kidogo kidogo, kwa sababu usiku mmoja nje kwao una hatari nyingi mno.

Kijana aliyepata chumba anapata barua ya serikali ya mtaa, na kwa barua hiyo anaanza kufuatilia kitambulisho cha NIDA. Sasa tunasajili kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za vijana. Tukipata tutanunua guta letu wenyewe la kubebea mizigo, maana la kukodi linakula faida ambayo ingelipa vyumba vingine.