Nyasi za kuganda kwenye kikoi

Jamani mnaopita njia za Ganda huku Malindi, zile nyasi ambazo mbegu zake zinang'ang'ania kikoi mpaka ukae chini uchomoe moja moja, jina lake la kitaalamu ni Heteropogon contortus. Kuzijua ni rahisi tu, shika suke lililokomaa utaona nywele nyeusi ndefu zimejisokota pamoja kama msuko wa bibi harusi, halafu kwa chini suke hilohilo lina punje za kijani hazina nywele kabisa, hapo usitafute alama nyingine. Sasa chukua mbegu moja weka kiganjani utie tone la maji, wallahi inazunguka yenyewe! Unywele ukilowa unajifungua ukikauka unajisokota tena, na ile ncha kali ya chini inazidi kuzama ardhini, ndio inavyojipanda, ila ngozi ya mbuzi nayo inaichoma vilevile. Si ya msimu mmoja hii, kiangazi inakauka juu, mvua ikipiga inachipua kwenye shina lilelile na ikiwa changa ng'ombe wanaila vizuri tu. Ikishabeba mbegu, mbuzi wangu hawapiti hapo ng'o.