Rimu na tairi za Golf Mk5 iliyoshushwa

Ukishusha Golf Mk5 (Volkswagen Golf ya kizazi cha tano) kwa springi fupi, usianze na ukubwa wa rimu. Anza na ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaogusa habu (huandikwa ET), maana hapo ndipo wengi hukwama. Rimu ya kawaida ya inchi 16 ni 6.5J (upana kwa inchi) ET50. Ukiweka ya inchi 17, 7.5J ET45, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 18 kuelekea madigadi, wa ndani milimita 8 kuelekea shokapu. ET35 huongeza 10 nyingine nje, na nyuma tairi itaanza kukwaruza ukipakia abiria.

Mashimo ni 5x112 (matano kwenye duara la milimita 112), tundu la kati milimita 57.1. Rimu yenye 66.6 inahitaji ringi za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukishika kasi.

Tairi: 215/45R17. Kipenyo kinapungua asilimia moja tu kulinganisha na 205/55R16 ya rimu ya inchi 16, na nafasi kati ya tairi na madigadi juu yake inabaki. Namba ya uzito ambao tairi inabeba isiwe chini ya 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi.

Boliti za kiwandani zina sehemu ya mviringo inayokaa kwenye rimu. Rimu nyingi za dukani hutaka yenye umbo la koni. Ukizichanganya zitalegea. Kaza Nm 120, kisha rudia baada ya kilomita 50. Alaimenti (kupanga mwelekeo wa magurudumu) mwisho.